Pikipiki Iliyogawanywa kama Nyama

Wazee waliigawa pikipiki ya Joram vile vile wanavyogawa ng'ombe aliyechinjwa, na siku hiyo hakuna aliyeona ajabu. Marehemu alikuwa ameacha ng'ombe wachache, plau, redio iliyokufa kabla yake, na hiyo pikipiki: BSA nyeusi yenye tangi jekundu, ya tangu vita vya Wazungu, aliyoinunua kwa mzungu mmoja wa mgodini aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao. Ng'ombe hawakuwa na shida kugawanyika. Ilipofika zamu ya pikipiki, mzee mmoja akasema kitu kikubwa namna ile kikienda kwa mtu mmoja, ndugu watanuniana mpaka wafe. Wenzake wakaona amesema kweli. Ikatafutwa spana, ikafunguliwa pale pale uani, kila mtu akabeba fungu lake.

Magurudumu mawili yalikwenda kwa mjomba wa marehemu. Tangi likaenda kwa Mokami, mama mzazi. Injini, ambayo kila mtu aliihesabu kuwa ndiyo paja, akapewa Nikodemo, mdogo wake marehemu. Bhoke, mjane, akaachiwa fremu na usukani.

"Mifupa kwa mwenye nyumba," Nikodemo akasema, na watu wakacheka wakati ambapo hawakupaswa kucheka.

Bhoke alikuwa amekaa chini, kitambaa kimefunika kichwa chake mpaka kwenye nyusi. Mjane haulizwi kitu siku ya mgawo. Ila macho hayakufunikwa. Alimwona kila mmoja na alichobeba, akaona na mkono aliobebea.

Hayo yalikuwa mwaka wa sabini na tatu. Mwaka uliofuata ikaja amri ya kuhamia vijijini. Mgambo walipita kwetu Susuni yote, nyumba za mabondeni zikabomolewa, watu wakapimiwa viwanja kwa mstari kandokando ya barabara kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Bhoke naye akapata chake. Akajikingia kibanda cha mabua, akaweka humo fremu, sufuria zake na Biblia.

Mwezi wa kumi na moja balozi wa nyumba kumi, Matiko, akapita kutangaza. Matiko alikuwa mtu wa taratibu, mwenye kusoma kila tangazo mara mbili hata kama wasikilizaji ni wawili. Alisema kabla mvua za mwezi wa tatu hazijaanza, kila kaya iwe na nyumba yenye kuta na paa. Daftari la kijiji litaandikwa upya. Asiye na nyumba ataandikwa ndani ya kaya ya ndugu aliye karibu.

"Na mimi ndugu yangu wa karibu ni nani?" Bhoke akauliza, ingawa alijua.

Matiko akatazama daftari, akatazama viatu vyake. "Shemeji yako Nikodemo, Mama Robi."

Robi ndiye mtoto pekee aliyembakia Bhoke, naye alikuwa ameolewa mbali, huko Nata. Mtoto wa kiume hakuwepo. Nikodemo aliijua hesabu hiyo vizuri kuliko mtu yeyote. Tangu matanga yaishe alikuwa akingoja kumrithi mke wa kaka yake, na Bhoke alikuwa amemkatalia mara tatu. Sasa serikali ilikuwa inataka kumfanyia kazi yake.

Siku ya pili yake akaja, hakubisha hodi.

"Nimekuja kuangalia nyumba yangu, shemeji."

"Nyumba yako iko kule ulikotoka."

"Na hii nayo. Wewe ni mke wetu. Ng'ombe walitoka kwenye boma la baba yangu. Au walikuwa wanatembea tu?"

"Walikwenda kwa baba yangu. Kawaulize kule."

Nikodemo akacheka, akaketi juu ya fremu bila kukaribishwa. Alikuwa na wake wawili na fimbo moja nzuri ya kutembelea, na alipenda vyote vitatu vionekane.

"Mimi ni Msabato, Nikodemo. Siwezi kuwa mke wa tatu wa mtu. Hilo nililisema mbele ya wazee, nalisema tena."

"Kwenye daftari hawaandiki Sabato. Wanaandika kaya. Mwezi wa tatu utaandikwa kwangu, na aliyeandikwa kwangu atalala kwangu. Labda ujenge." Akainuka, akajipangusa suruali. "Utajengewa na nani kwa uji?"

Hapo ndipo ilipokuwa shida yenyewe. Huku kwetu anayejenga huita risaga: majirani wanakuja kwa wingi, wanakata miti, wanasimamisha nyumba kwa siku moja, na jioni wanakunywa pombe ya mwenye kazi. Bhoke hakupika pombe tangu abatizwe. Alikwisha kuita watu mara moja kwa uji wa ulezi na maziwa ya mgando. Walikuja wazee wawili na kiziwi mmoja, wakachimba mashimo manne, wakaaga. Baadaye akaja kujua kwamba Nikodemo aliwapitia wenzake wa rika nyumba kwa nyumba akiwaambia anayekwenda kule anaingilia ndoa ya mtu.

Usiku Bhoke alisali sana, na asubuhi akajitwisha usukani wa pikipiki akaenda mjini Tarime. Hakuwa na mpango mkubwa. Alitaka kuuza chuma apate hata misumari.

Kule mtaa wa Nyamisangura palikuwa na fundi anayeitwa Ojwang, Mjaluo mnene mwenye kofia ya sufu, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye gereji za Kisumu. Aliupokea usukani, akaugeuza, akaufuta kwa kidole kilicholowa mate.

"Mama, vingine viko wapi?"

Bhoke akamweleza. Ojwang alicheka hadi akakaa chini, kisha akaona mwenzake hacheki, akanyamaza.

"Samahani. Nimewahi kuona watu wamegawana baiskeli, lakini hata wao walimwachia mmoja matairi na pampu." Akauweka usukani juu ya meza kwa heshima. "Usiuze chuma. Kuna mtu Sirari, Stanslaus, mfanyabiashara wa bati. Huyo alipokuwa kijana alikuwa tarishi wa bwana mmoja mwenye pikipiki kama hii. Miaka yote anaitafuta. Za kisasa hazitaki, anasema zinalia kama mbuzi. Ukimletea nzima, ya rangi zake zile zile, atakupa nyumba."

"Nyumba?"

"Bati anazo, miti anayo, mafundi anao. Wewe kusanya nyama yako."

Basi Bhoke akaanza kukusanya.

Mjomba alikuwa ameyafunga magurudumu kwenye mkokoteni, ukavunjika ekseli wiki ya kwanza. Aliyatoa kwa majogoo mawili na maneno mengi, akisema mwanamke anayefukuzana na vyuma ana mapepo. Bhoke akamwambia asante, shikamoo, akaondoka akiyavingirisha, moja kila mkono.

Mokami alikuwa mgumu zaidi. Tangi la mwanawe alilitia mbegu za maharage, akaliweka chini ya kitanda.

"Hili ndilo lililobaki la mwanangu," alisema.

"Najua, mama."

"Hujui. Ungejua ungekuwa umeshaingia kwa Nikodemo ukamzalia Joram jina. Unakaa na Biblia kama mwanamke aliyeota kwenye jiwe bila mizizi."

Bhoke akainuka. Akachukua jembe la mkwewe lililosimama ukutani, akaenda kulima shamba lake. Akalima siku hiyo, akalima kesho yake, akalima siku kumi, ukiacha Jumamosi. Siku ya kumi na moja alikuta tangi liko nje ya mlango, mbegu zimemiminwa kwenye ungo. Mlango ulikuwa umefungwa, na ndani mtu alikuwa akikohoa.

Ikabaki injini.

Nikodemo aliiweka mbele ya nyumba yake kubwa, pembeni ya mlango. Kuku walilala juu yake, na akija mgeni wa maana, kuku wanafukuzwa, inatandikwa gunia, mgeni anakalishwa. Bhoke alikwenda mchana kweupe, mbele ya wake wote wawili, ili lisije likasemwa neno.

"Nimekuja kuomba injini. Sema unachotaka kwayo. Mbuzi ninaye. Kazi naijua."

"Kazi unaijua," Nikodemo akarudia, akawatazama wakeze. "Mnasikia?" Kisha akamgeukia. "Fungu langu halitoki hapa. Wewe ndiye utakayelifuata. Hamia kwangu, utalala nayo hata chini ya kitanda."

"Ndiyo kusema hutoi."

"Sitoi. Nilipewa na wazee, ni yangu. Gari lako la mifupa litakwenda kwa maombi."

Mke mdogo alicheka. Mke mkubwa aliangalia pembeni. Bhoke akasimama pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akawatazama wote mmoja mmoja, kisha akauliza polepole, "Hilo neno, kwamba ni fungu lako na umelichukua, unalisema mbele ya wake zako?"

"Nitalisema hata kanisani kwenu."

"Haya."

Ojwang alipopata habari alikuna kofia. Alisema yuko binamu yake upande wa pili wa mpaka, Migori, ana BSA iliyogonga mti. Fremu imekunjika lakini injini inapumua. Ila binamu yake hataki hela za Tanzania wala maneno. Anataka ulezi. Ule ulikuwa mwaka wa njaa; mvua ziliruka, na ulezi ulikuwa unatazamwa kama dhahabu. Bhoke alikuwa na magunia matatu aliyoyaficha tangu mavuno ya nyuma. Alikaa nayo jioni nzima kama mtu anayekaa na wagonjwa. Kesho yake yakavuka mpaka kwa punda, yote matatu.

Kuanzia hapo alikula mchicha wa porini na unga wa muhogo aliopewa na dada mmoja wa kanisani. Kila Jumatatu alfajiri alishika njia ya Tarime, akarudi Ijumaa kabla jua halijazama. Ojwang alifanya ya injini: alibadilisha ringi za pistoni, akasafisha kabureta kwa unyoya wa kuku, akasuka waya upya. Kazi ya kutu ilikuwa ya Bhoke. Alikwangua fremu kwa msasa mpaka vidole vikawa laini havina alama. Alisugua spoki moja moja kwa majivu na mafuta ya taa, mbele na nyuma, na akifika ya mwisho ile ya kwanza ilikuwa kama inamcheka, anaanza tena.

Siku moja Ojwang alimletea kopo la rangi ya kijani, iliyobaki mahali walipopaka ghala.

"Ya bure hii, mama."

"Tangi halikuwa la kijani. Lilikuwa jekundu la kuiva, kama damu ya ini, lina mstari wa fedha hapa. Mstari ulikuwa mwembamba, unakata kona."

"Stanslaus anaweza asikumbuke mstari."

"Mimi nakumbuka. Nililifuta kila Ijumaa miaka kumi na moja."

Ojwang akaangalia kopo lake, akaenda kulirudisha. Rangi nyekundu ilipatikana Sirari kwa kofia yake ya sufu na kitu kingine ambacho hakukitaja. Mstari aliuchora Bhoke mwenyewe, kwa unyoya, amebana pumzi.

Katikati ya mwezi wa pili pikipiki ilipigwa kiki, ikakataa, ikapigwa tena, ikakohoa moshi mweusi, halafu ikanguruma. Watu wa Nyamisangura walitoka madukani. Ojwang alikuwa anacheka peke yake. Bhoke alisogea, akaweka kiganja juu ya tangi lililokuwa linatetemeka, akakitoa.

Stanslaus alikuja Jumamosi. Alikuwa mtu mrefu mwenye suti iliyopauka mabegani, na alikuja na lori lake tayari, maana habari ilikuwa imemfikia. Alimkuta Ojwang peke yake; ikabidi amfuate Bhoke mpaka kanisani Susuni, akasimama nje akipiga honi.

Bhoke alitoka baada ya ibada. "Leo siuzi, baba. Ni Sabato."

"Mama, nimetoka Sirari. Lori linakunywa mafuta. Mvua inakuja."

"Naiona."

"Kesho nina safari ya Kisii. Nikienda, ni wiki tatu."

Wiki tatu zilikuwa zinavuka tarehe ya daftari. Bhoke alilijua hilo. Mikono yake ilibaki imeshika Biblia. "Kama ni wiki tatu, basi. Leo siuzi."

Stanslaus akaondoka kwa hasira na vumbi, akimwita majina. Bhoke alirudi ndani akakaa benchi la nyuma, hakuweza hata kuimba. Lakini mtu aliyeona kitu alichokitamani tangu ujana hasafiri vizuri. Jumapili saa mbili asubuhi, Bhoke alipofika Nyamisangura kwa miguu, lori lilikuwa limesimama kwa Ojwang, na Stanslaus alikuwa amechuchumaa mbele ya pikipiki kama mtu anayenywa maji mtoni.

Alipapasa mstari wa tangi. Akaukagua mnyororo. Akainama kusoma namba, na kabla hajaifikia ya injini, Bhoke akasema, "Injini si ya fremu hii."

Ojwang aligeuka akamtazama kwa jicho baya sana.

"Ya kwake iko kwa shemeji yangu, Nikodemo wa Susuni. Alipewa kwenye mgawo, akakataa kuitoa. Hii imetoka Migori, ni ya aina ile ile, lakini si yenyewe. Nisingependa uje uione mwenyewe ukiwa njiani."

Stanslaus akainuka. Kisha akasema, "Hiyo inapunguza bati kumi."

"Ondoa."

"Na mlango wa mbao."

"Ondoa na mlango."

Wakaandikiana kwenye karatasi ya daftari la shule, Ojwang akiwa shahidi. Bhoke, ambaye shule yake iliishia darasa la nne, aliisoma karatasi yote mara mbili, kidole chini ya kila neno. Akamwambia Stanslaus aongeze mstari mmoja: kwamba injini ya asili haimo katika mauzo haya, imebaki kwa Nikodemo kama fungu lake. Stanslaus akauliza ya nini. "Andika tu, baba." Akaandika.

Kesho yake lori lilipanda Susuni na miti, bati na mafundi wanne. Stanslaus alitangulia juu ya pikipiki, amevaa suti yake, anapita polepole ili aonekane. Walipopita kwa Nikodemo, mwenyewe alitoka mbio, kifua wazi, akatazama pembeni ya mlango kuona kama injini yake imeibwa. Ilikuwepo. Kuku walikuwa juu yake. Akabaki ameinama pale, anatazama injini, anasikiliza nyingine ikipanda mlima.

Nyumba ilisimama kwa siku tano. Ilikuwa vyumba viwili, mlango wa mabua kwa kuwa wa mbao haukuja. Bhoke alikuwa anakandika ukuta wa mbele siku Matiko alipofika na daftari kwapani. Nyuma yake alikuja Nikodemo na wenzake watatu wa rika, fimbo mkononi, wametembea kama watu wanaokwenda kuchukua mtu.

"Andika, balozi," Nikodemo alisema kabla ya salamu. "Nyumba ya marehemu Joram. Mwangalizi, Nikodemo."

"Nyumba ni ya huyu mama," Matiko akasema. "Naona amejenga."

"Amejenga kwa nini? Kwa pikipiki ya kaka yangu. Kitu cha kaka yangu kimegeuka bati. Bati hizi ni za ukoo, na aliye ndani yake ni wa ukoo. Sijaja kugombana. Nimekuja kuingia kwangu." Akaweka mguu kizingitini.

Bhoke hakuuacha udongo. Alisimama mlangoni, mikono imechafuka mpaka kwenye viwiko, wala hakupaza sauti.

"Balozi, muulize injini iko wapi."

Matiko akamgeukia Nikodemo. "Iko wapi?"

"Kwangu. Kila mtu anajua."

"Ulipewa na nani?"

"Na wazee. Lilikuwa fungu langu."

"Niliiomba," Bhoke akasema, "nikamfuata nyumbani kwake mchana, wakeze wakisikia. Angeitoa, pikipiki ingekuwa yetu wote na bati hizi zingekuwa na mkono wake. Leo angeingia, nisingekuwa na neno. Hakuitoa. Mjomba alitoa fungu lake nikamlipa. Mama alitoa lake nikalima. Yeye fungu lake analo zima, halikupungua hata skrubu. Mtu aliyebeba nyama yake akaipeleka kwake, anarudije kuuliza mchuzi wa mwenzake?"

Akatoa ile karatasi kifuani, ikiwa imekunjwa mara nne, akampa Matiko. Matiko aliisoma. Halafu, kama kawaida yake, akaisoma tena kwa sauti, na alipofika kwenye mstari wa mwisho mmoja wa wale wenzake wa rika akakohoa, akatazama barabarani.

"Ni kweli hivyo?" Yule mwenzake akamuuliza Nikodemo. "Ulikula fungu lako?"

"Sikula. Ni chuma."

"Ulilichukua."

Nikodemo akageukia mlango. Mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama. Alimtazama Bhoke kwa muda, na katika jicho lake hapakuwa na aibu hata kidogo.

"Utafia humu," alisema. "Hakuna mtu wa kwetu atakayekubeba. Utaoza mpaka Wasabato wako waje wakunuse."

"Mguu, shemeji," Bhoke akasema. "Kizingiti ni kibichi."

Akautoa. Ulikuwa umeacha alama, kisigino na vidole vyote. Wale watatu walikuwa wameshaanza kuondoka, na alipowafuata hakuna aliyepunguza mwendo kumsubiri.

Matiko akafungua daftari juu ya goti, akalamba ncha ya penseli. "Mkuu wa kaya?"

"Bhoke, mjane wa Joram."

"Idadi ya watu?"

"Mmoja."

Akaandika, akamwonyesha alipoandika. Bhoke akainama akasoma, vidole vikiwa mbali ili asichafue karatasi. Kisha akachota udongo kwenye karai, akaujaza ule unyayo, akausawazisha kwa kiganja, na kuendelea na ukuta kwa sababu ulikuwa unakauka na upande mmoja ulikuwa bado.